Usuli, Pazia au Tandiko? Uhakiki wa Istilahi za Picha za Mfano wa Nguo

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache za kazi moja ambayo wengi wetu tunaiona kila siku bila kuitia maanani. Nayo ni kazi ya kutengeneza kwa kompyuta picha ya kutandazwa chini ya maandishi, au kusimamishwa nyuma ya sura ya mtu, ikiwa imepambwa hata ikafanana na nguo. Mifano msomaji anayo karibu. Kadi ya mchango wa harusi aliyoletewa juzi ina mikunjo ya hariri chini ya majina ya maharusi. Cheti chake cha mafunzo kina nyuzi hafifu zinazopishana nyuma ya jina lake. Kalenda ya chama cha kuweka na kukopa, iliyotundikwa ofisini kwake, imezungushiwa pindo la khanga ambayo haikupata kuvaliwa na mtu yeyote.

Kazi hii tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba inahusu nguo, na katika mambo ya nguo, mikeka na ushonaji Kiswahili kina maneno tele, yaliyopimwa na mikono ya watu zamani sana kabla ya kompyuta. Endapo istilahi zetu zitakuwa dhaifu hata hapa, ambapo ghala limejaa, basi lawama ni yetu sisi tunaotafuta, wala lugha haina kosa. Sababu ya pili ni kwamba tunalo deni la kulipa. Miongoni mwa maandishi tutakayoyakosoa umo mwongozo mmoja wa mafunzo ya muda mfupi, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambao rasimu yake ililetwa kwetu tuisahihishe. Tuliisoma, tukaipitisha. Mwongozo huo hatutautaja, wala hatutawataja walioutafsiri, maana makosa yake yalipita mikononi mwetu.

Uchunguzi wenyewe tuliufanya Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Kibaha iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na pale Maili Moja hakukosekani vibanda vya kuchapa kadi, mabango na vyeti. Kisarawe iko kusini zaidi, vilimani, ukishapita Pugu, katika nchi ya Wazaramo, ambako wangali wapo wanaosuka mikeka ya ukindu. Tulitaka kuwasikiliza watu wa aina mbili: wale wanaotengeneza mfano wa nguo kwa mashine, na wale wanaojua msuko kwa vidole.

Swali lililozaa makala haya

Katika mtihani uliotungwa kwa kufuata mwongozo tuliokwisha kuutaja, palikuwa na swali hili: "Tengeneza usuli wa kitambaa kwa kutumia vichujio viwili." Swali lilikuwa na alama 20. Mwanafunzi mmoja kutoka Kisarawe, binti aliyekuwa akijiandaa kufungua kibanda chake mwenyewe, hakuigusa kompyuta. Alichukua karatasi akaandika aya tatu juu ya chanzo cha khanga: jinsi leso zilivyoshonwa pamoja zikawa nguo moja pana, jinsi nguo hiyo ilivyoenea katika pwani yetu, na jinsi maandishi yalivyoingia baadaye. Mwishoni alieleza kwamba habari zake amezichuja mara mbili, kwa mahali na kwa wakati. Alipewa sifuri, na kwa sifuri hiyo akakosa cheti.

Karatasi ile tuliisoma kwa aibu. Kila neno la swali mwanafunzi alikuwa amelifahamu vizuri. Usuli, kwa mtu aliyesoma shule zetu, ni asili ya jambo, ni habari zilizolitangulia. Vyuoni hakuna tasnifu isiyokuwa na sehemu iitwayo "usuli wa tatizo", na hakuna anayetazamia kukuta mapambo ndani yake. Aliyeambiwa atengeneze usuli wa kitambaa akaandika historia ya kitambaa ametii Kiswahili. Aliyekosea ni yule aliyeuliza swali, na nyuma yake yule aliyetafsiri, na nyuma yake sisi tulioweka sahihi.

Je, kosa lilianzia wapi? Lilianzia katika kuamini kwamba neno moja la Kiingereza lazima lipewe neno moja la Kiswahili. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa historia ya jambo, kwa mazingira ya hadithi, kwa pazia la mpiga picha, kwa rangi ya chini ya ukurasa, na kwa kazi ambayo kompyuta huifanya bila kuonekana. Hayo ni mambo matano. Mtafsiri aliyefungua kamusi akakuta "usuli" alipata jibu la jambo la kwanza, akalitumia kwa la nne. Dawa yake ni nyepesi kuitaja ingawa ni nzito kuitekeleza: mtafsiri ahesabu vitu, asihesabu maneno.

Kazi ilivyo

Ili tusirudie kosa lile lile, tuliomba katika kibanda kimoja cha Maili Moja tuonyeshwe kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Tutaieleza kwa ufupi, kwa kuwa istilahi haiwezi kupimwa na asiyejua kinachotendeka.

Fundi alianza na uwanja mtupu wa mraba, pikseli 1000 kwa 1000, akaujaza rangi moja. Juu ya rangi ile akamwaga vitone vidogo visivyo na mpango, vyeusi na vyeupe, mfano wa televisheni isiyoshika mawimbi. Akavivuta vitone vile kuelekea kulia na kushoto mpaka kila kimoja kikawa mstari mrefu. Kisha akafanya tabaka la pili kwa namna ile ile, ila safari hii akavivuta kuelekea juu na chini. Alipoyalaza matabaka hayo mawili pamoja, moja likionekana kupitia jingine, mistari ilikatana, na mbele ya macho yetu pakatokea kitani. Hapakuwa na uzi hata mmoja, lakini jicho liliona nyuzi.

Baada ya hapo alisogeza picha nusu ya upana wake na nusu ya urefu wake, yaani pikseli 500 kila upande, ili kingo zilizokuwa nje zije katikati. Mahali zilipogongana palionekana dosari kama msalaba. Akaifuta dosari kwa kunakili sehemu safi na kuibandika juu yake. Sasa kipande kile kingeweza kurudiwa mara mia, ubavu kwa ubavu, bila mtazamaji kutambua kilipoishia kimoja na kuanzia kingine. Mwisho akaweka pindo, akaweka majina ya maharusi, akaweka picha yao.

Katika muda wote huo tulikuwa tukiandika maneno yake. Majina aliyoyataja aghalabu yalikuwa ya Kiingereza yaliyovikwa irabu: bakigraundi, leya, filta. Lakini vitenzi vyake vyote vilikuwa vya nyumbani. Alisema: "Natandika kwanza bakigraundi, halafu namwaga chenga, nazivuta, nalaza leya ya pili, naangalia maua yakutane." Tunaomba msomaji aisome tena sentensi hiyo. Nomino ni za kuazima, na vitenzi ni mali yake. Anayetafuta istilahi za kazi hii hana sababu ya kusafiri mbali; avifuate vitenzi vya fundi, navyo vitamfikisha kwenye nomino.

Istilahi moja moja

Sasa tuzitazame istilahi za mwongozo kwa mpango.

Tuanze na hiyo "usuli". Katika sehemu nyingine za kompyuta na simu watafsiri wamekwisha kutambua kwamba neno hili halitoshi. Wapo waliotumia "mandharinyuma", na katika simu zilizowekwa kwa Kiswahili kazi isiyoonekana imeitwa ya "chinichini", neno ambalo sisi tunalisifu, kwani halihitaji maelezo. "Mandhari" ni neno zuri kwa picha inayoonyesha mahali: bahari, mlima, mtaa. Lakini kitani hakionyeshi mahali. Mtu aliyesimama mbele ya msuko hana mandhari nyuma yake. Ana pazia, na hivyo ndivyo studio za picha zilivyofanya siku zote: palitundikwa pazia, lenye mchoro au lisilo na mchoro, na mtu akasimama mbele yake. Kwa picha ya kusimama nyuma ya mtu, basi, "pazia" inatosha.

Hata hivyo, kadi na cheti havina mtu aliyesimama. Kuna maandishi yaliyolala juu ya kitu kilichotangulia kulazwa. Hapo ndipo kitenzi cha fundi kinapotusaidia. Kinachotandikwa ni tandiko. Tandiko hutangulia, na vitu vingine huja juu yake. Tandiko hupambwa, lakini halitakiwi kushindana na kilichowekwa juu yake. Tandiko likiharibika hubadilishwa, na vilivyokuwa juu vikabaki. Sifa hizo tatu ndizo sifa za tabaka la chini kabisa katika programu za kuhariri picha. Tunapendekeza "tandiko" kwa maana hiyo, na "tandiko la mfano wa nguo" kwa bidhaa tuliyoizungumza hapa.

Neno la pili ni "kelele". Mwongozo unamwambia mwanafunzi "ongeza kelele asilimia 40". Mwalimu mmoja alitusimulia, kwa kicheko, jinsi darasa zima lilivyotafuta kipaza sauti. Kiingereza kiliazima neno hilo kutoka kwa mafundi wa simu na redio, ambao kwao mchafuko wa mawimbi ulisikika kweli kama kelele. Kwetu sisi mchafuko huo ulionekana kabla ya kupewa jina la vitabuni, na watu wakauita kwa macho: televisheni inaonyesha chenga. Chenga ni punje za mchele zilizovunjika. Ukizimwaga sinia zima utaona kile anachokiona fundi katika kiwambo chake. Neno lipo, linajulikana mjini na shambani, na lina picha ndani yake. Kuliacha ukachukua "kelele" ni kuacha mchele ndani ukaenda kukopa kwa jirani.

Neno la tatu ni "kichujio". Hili limeenea, na hatudhani kwamba linaweza kung'olewa. Wala si baya kila mahali. Lilitokana na kioo cha rangi ambacho wapiga picha walikiweka mbele ya lenzi ili kuzuia baadhi ya mwanga. Kioo kile kilichuja kweli, kama kifumbu kinavyozuia machicha na kupitisha tui. Tatizo ni kwamba programu za leo zimelifanya neno hilo kuwa kapu la kutilia kila kitu. Katika Photoshop, mathalani, kiko chombo kinachohesabiwa miongoni mwa vichujio ambacho huivika picha mojawapo ya sura nne: ya tofali, ya gunia, ya turubai na ya jiwe la mchanga. Chombo hicho hakichuji kitu, kinaongeza. Mwanafunzi anayeambiwa achuje hutazamia kipungue kitu, na hapa kinazidi. Shauri letu ni kwamba "kichujio" kibaki kwa yale yanayopunguza rangi au mwanga, na kwa yale yanayovika sura tuseme wazi: "vika sura ya gunia", "vika sura ya turubai". Na tukumbuke katika kufanya hivyo kwamba gunia na turubai ni maneno yetu ya kila siku. Mwongozo uliandika "kitambaa kigumu cha nyuzi nene" mahali pa gunia, kana kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kubeba mahindi.

"Tabaka" hatuna ugomvi nayo. Wapo wanaoogopa kwamba itachanganywa na matabaka ya jamii, lakini muktadha huondoa hofu hiyo. Lililo muhimu kwa mwalimu ni kujua kwamba wazo lenyewe si geni. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na matabaka yaliingizwa katika toleo la tatu, mwaka 1994. Kabla ya hapo wachapaji wa nguo walikuwa wakifanya kazi kwa matabaka bila kuyaita hivyo. Khanga yenye rangi tatu huchorwa mara tatu, kila rangi na kiwambo chake au rola yake, na ikikosea kidogo kukaa, ua hutoka na kivuli. Mwalimu atakayeeleza tabaka kwa mfano wa khanga hatahitaji dakika kumi. Kadhalika neno "zidisha", linalotumiwa kwa njia moja ya kulaza tabaka juu ya jingine, ni sahihi kihesabu, ingawa matokeo yake ni giza: katika hesabu ya kompyuta weupe kamili ni 1, na weusi kamili ni 0, kwa hiyo nusu mara nusu, yaani 0.5 mara 0.5, ni 0.25. Hapa tafsiri ya moja kwa moja inafaa. Kinachotakiwa ni sentensi moja ya maelezo.

Istilahi ya tano ni "bila mshono", iliyotumiwa kwa kipande kinachorudiwa bila kuonyesha kiungo. Maneno haya yamehamishwa kutoka Kiingereza yalivyo, na yanasema uwongo. Mshono upo; fundi amehangaika nusu saa kwa ajili yake. Kinachotokea ni kwamba michoro ya pande mbili imekutana. Mshonaji wa nguo anapounganisha kitenge chenye maua makubwa, huangalia maua yakutane, na fundi wa Maili Moja alisema hivyo hivyo. Tunapendekeza "kigae cha kukutana", maana kipande kinachorudiwa ubavu kwa ubavu tayari kimezoeleka kuitwa kigae.

Habari ya neno mfumo

Sasa tunafika kwenye neno lililotushughulisha kuliko yote. Ile hali ya juu ya nguo inayotokana na nyuzi kupishana, ambayo fundi huiiga kwa chenga na kuvuta, inaitwaje? Mwongozo uliandika "umbo la mguso". Lakini kadi ile ni laini kama karatasi nyingine yoyote. Hakuna cha kuguswa. Jicho peke yake ndilo linalodanganywa.

Kiswahili kilikuwa na jina la kitu hiki, na jina hilo ni mfumo. Neno linatokana na kufuma, na kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inalieleza kwa maana ya ufumaji na ya jinsi nguo ilivyofumwa. Ndugu msomaji bila shaka ameshangaa, kwa kuwa yeye analijua neno hili ofisini: mfumo wa elimu, mfumo wa vyama vingi, mfumo wa malipo ya mishahara. Tulipohitaji jina la mambo mengi yaliyounganishwa yakafanya kazi pamoja, tulikwenda kwa mfumaji tukachukua neno lake. Tulifanya vema. Ni mfano wa kufundishia jinsi istilahi inavyozaliwa kutoka katika kazi ya mikono. Ila neno halikurudi. Limekaa ofisini likawa afisa, na leo ukimwambia mwanafunzi "tengeneza mfumo wa kitani" atakuuliza seva iko wapi.

Hatusemi lirudishwe, neno lililokubaliwa na taifa zima halirudishwi kwa amri. Tunachosema ni kwamba mahali pake pawekwe neno ambalo bado liko kazini. Hilo tulilipata Kisarawe. Tulimpelekea bibi mmoja msusi wa mikeka nakala ya kadi iliyochapwa Kibaha, tukamwomba atueleze anaona nini. Aliigeuza, akaiinamia, akasema: "Wanangu, msuko huu ni wa kitambaa, si wa mkeka, lakini aliyeusuka ana haraka. Tazameni hapa, ukili haujakutana." Alikuwa ameweka kidole mahali ambapo kigae cha kwanza na cha pili vimeungana. Sisi hatukuwa tumepaona.

Katika maneno yake machache mna istilahi mbili. "Msuko" ni jina la hali ile tuliyoitafuta: jinsi nyuzi au chane zilivyopishana, iwe kwa kweli au kwa mfano. Na "kukutana" ni kitenzi kile kile cha mshonaji na cha fundi wa kompyuta, watu watatu ambao huenda hawajapata kukaa pamoja. Kitenzi kinapotoka katika vinywa vitatu vya kazi tatu tofauti, mtunga istilahi hana haja ya kuitisha semina.

Tukishakuwa na msuko, mengine huja yenyewe. Nyuzi zinazotangulia kutandwa katika kitanda cha mfumi huitwa mtande, na zile zinazopitishwa kuzikata huitwa mshindio. Matabaka mawili ya fundi wetu, lile la juu na chini na lile la kulia na kushoto, ndiyo mtande na mshindio wa mfano. Maneno haya mawili yamo katika kamusi, yamelala. Kazi hii mpya inaweza kuyaamsha. Vivyo hivyo kwa mapambo ya nguo: khanga ina pindo na mji, kikoi kina taraza, na kila mojawapo ni umbo mahususi ambalo mchoraji wa kadi anahitaji kulitaja. Mwongozo uliyaita yote "mpaka", neno la wapima ardhi.

Mapingamizi

Tunayatazamia mapingamizi matatu, na ni haki yajibiwe.

La kwanza ni kwamba tandiko ni neno la kitanda na la punda, halina heshima ya kitaalamu. Tunajibu kwamba heshima ya istilahi hutokana na usahihi wake. Mfumo ulikuwa wa mfumaji, na leo uko katika sheria. Kiwambo kilikuwa ngozi iliyowambwa, na leo kiko mbele ya kila karani.

La pili ni kwamba vijana wamekwisha kusema bakigraundi, na Baraza haliwezi kuwaziba midomo. Ni kweli, wala hatutaki kuwaziba. Maneno ya kuazima tunayo mengi na yametufaa; "kompyuta" yenyewe ni mojawapo, ingawa wenzetu wa Kenya, katika vitabu vya shule, wamependelea "tarakilishi". Lakini bakigraundi haikuja peke yake. Imekuja na mzigo wote wa maana tano, na atakayeiandika katika mtihani atakuwa ameukaribisha tena ule utata tuliotaka kuutoa. Katika kibanda isemwe itakavyo. Katika mwongozo na karatasi ya mtihani hapana budi kila kitu kiwe na jina lake.

La tatu ndilo zito zaidi: je, haya si mapambo tu? Ziko istilahi za sheria, za tiba na za kilimo zinazongoja. Kwa nini tupoteze karatasi kwa kadi za harusi? Tunakubali kwamba kadi ni jambo dogo. Lakini kwa kijana wa Kibaha au Kisarawe mwenye kompyuta moja ya mkopo, kadi ndiyo ajira. Programu ya GIMP, inayopatikana bure na inayofanya karibu kazi zote tulizozieleza, ilimfikia akiwa hana ada ya kulipia nyingine. Mashine anayo, programu anayo, macho ya kutambua nguo nzuri alizaliwa nayo. Kilichobaki ni maelezo anayoyafahamu. Kazi ya kuzipa programu Kiswahili ilianza zamani kidogo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa barua na hesabu tumekwisha kupiga hatua. Kwa picha tumebaki nyuma, na mwanafunzi wa Kisarawe amelipa gharama yake.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe. "Usuli" ubaki kwa asili na habari za awali za jambo. "Mandhari" iwe picha ya mahali. "Pazia" liwe picha ya kusimama nyuma ya mtu. "Tandiko" liwe tabaka la chini linalobeba maandishi na picha nyingine. "Chinichini" ibaki kwa kazi za kompyuta zisizoonekana. "Chenga" ziwe vitone visivyo na mpango. "Msuko" uwe hali ya nyuzi kupishana, na ndani yake "mtande" na "mshindio". "Kigae cha kukutana" kiwe kipande kinachorudiwa bila kiungo kuonekana. "Pindo", "mji" na "taraza" yatumike kama yanavyotumika katika nguo zenyewe.

Si lazima yote yakubaliwe. Walimu watakaoyajaribu darasani watuandikie. Neno litakalokataa kukaa mdomoni mwa wanafunzi tutaliondoa. Jambo moja tu ndilo tunaloliomba lisiondolewe, nalo ni utaratibu. Kanuni zetu za kuunda istilahi zimesema siku zote kwamba tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo twende mbali. Mara nyingi tumeifasiri kanuni hiyo kama amri ya kufungua kamusi. Kabla ya kamusi kuna fundi, na fundi anapofanya kazi hutumia vitenzi. Mtafsiri akae karibu naye walau siku moja, asikilize.

Kuhusu mwanafunzi wa Kisarawe, tumeandika barua kwa waliousimamia mtihani, tukikiri kwamba swali lilikuwa na kosa na kwamba kosa hilo tulilipitisha sisi. Tumeomba aulizwe upya, kwa maneno haya: "Tengeneza tandiko lenye msuko wa kitani, kwa kulaza tabaka la mtande na tabaka la mshindio." Jibu la barua bado hatujalipata. Swali hilo tulimsomea yeye mwenyewe tulipoonana naye. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hilo angelifanya kwa robo saa, na akauliza kama kuna haja ya kuweka na pindo.